Kijaluba Katika Ubavu wa Vespa



Ikiwa wewe ni mmoja wa wafanyakazi wa mjini ambao bado wanategemea Vespa ya zamani kwenda kazini na kurudi, leo Jumapili kabla ya adhuhuri hebu fungua kikasha chake cha vifaa utazame kilichomo. Yamkini utakuta spana mbili, kitambaa kilicholowa oili, plagi iliyochoka, na chini kabisa, ikigaragara peke yake, balbu uliyoinunua Darajani ukasema itakufaa siku ya dhiki. Itoe, uitikise karibu na sikio. Ikilia ndani, basi huna balbu.

Mimi nililijua jambo hili usiku, mahali pabaya. Nilikuwa na mwenzangu tukirudi kutoka Makunduchi, tulikokwenda kutazama Mwaka Kogwa, sherehe ifanyikayo huko kila mwezi wa Julai. Kiza kilitukuta Kitogani. Tulipoingia msitu wa Jozani, penye matuta yaliyowekwa ili magari yapunguze mwendo yasiwagonge kima punju, taa ya mbele ilizimika ghafla. Na kabla sijasimama, ya nyuma nayo ikafuata. Kiza cha msituni si kama kile cha vichochoro vya Mkunazini umeme unapokatika. Nyuma yetu yalikuwa yakija magari yaliyojaa watu wa sherehe, nasi hatukuwa na hata nukta nyekundu ya kumwonya dereva. Gari la kwanza lilitukwepa kwa kiasi cha mkono mmoja. Mwenzangu akashuka, akaniangazia kikasha kwa tochi ya simu. Kioo cha balbu ya akiba kilikuwa kimevunjika vipande vipande.

“Bwana,” akauliza kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, “hiyo ndiyo akiba?”

Tulifika Tunguu kwa hisani ya dereva wa gari la kuni aliyekubali kutufuata polepole akitumulikia kwa taa zake.

Kwanza nieleze kwa nini taa mbili zilikufa pamoja, kwani wengi hudhani ni uchawi wa fundi. Vespa nyingi kongwe za volti 6 hazina betri wala kidhibiti cha umeme. Taa hula umeme moja kwa moja kutoka katika mtambo wa sumaku ulio ndani ya injini, na kadiri injini inavyokwenda kasi ndivyo umeme unavyozidi. Balbu moja inapokufa, umeme uliokuwa fungu lake huzielemea zilizobaki, nazo huungua. Kwa hiyo taa moja ikizimika, punguza mwendo wa injini papo hapo. Na akiba yako isiwe balbu ya mbele peke yake. Ya nyuma ni ndogo na bei yake ni nafuu, lakini ndiyo inayokulinda na anayekuja nyuma yako. Soma maandishi yaliyo kwenye kitako chake kabla ya kulipa: balbu ya volti 6 ukiitia katika chombo cha volti 12 itawaka vizuri mno kwa kitambo kidogo, kisha basi.

Sasa tuje kwenye uhifadhi. Adui wa kwanza ni mtikisiko. Uzi wa balbu ni mwembamba, na spana ni chuma. Ukiwafungia ndani ya kikasha kimoja kwa miezi sita ya mashimo na matuta, ni dhahiri nani atashinda. Dawa yake aliigundua mwenzangu, siyo mimi. Alinikumbusha sinia ya tambuu ya bibi yake: popoo mahali pake, katu mahali pake, chokaa ndani ya kijaluba chake chenye kifuniko, hakuna kinachogusana na kingine. Akanipa kichupa cha plastiki cha vidonge, chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, akakijaza sufi aliyoichomoa katika mto wa zamani. Balbu mbili zikalala humo kila moja katika kiota chake. Kichupa nikakizungushia kipande cha mpira wa tyubu ili kisigonge kuta za kikasha. Lakini mpira ukae nje: salfa iliyomo ndani yake huitia shaba weusi, na shaba nyeusi haipitishi umeme vizuri.

Adui wa pili sisi watu wa kisiwani tunakaa naye nyumba moja: unyevu wenye chumvi. Ndani ya kichupa tia kile kifuko kidogo cha punje kinachokuja katika boksi la viatu vipya, ambacho wengi hukitupa. Funga siku ya jua kali, si siku ya masika, maana ukifunga na unyevu umeufungia ndani.

Platini na kondensa vinastahili kichupa cha pili. Usivihifadhi vikiwa vipya vya dukani hujavijaribu. Vifunge, uvitumie juma moja, kisha uvitoe uvifanye akiba. Hapo utajua kuwa ni vizima. Siku utakapovihitaji, futa nyuso za platini kwa karatasi safi kavu kabla ya kuzifunga.

Mahali pa kuweka pamekwisha kuchaguliwa na waliounda chombo. Vespa, ambayo kampuni ya Piaggio ilianza kuiunda Italia mwaka 1946, ina injini upande wa kulia; ubavu wa kushoto ndio wenye ubaridi, na aina nyingi za zamani zina kikasha chenye mlango huko. Aina ya PX, iliyotoka mwaka 1977, ina kikasha mbele ya magoti, na hapo pia panafaa. Usiweke vipuri ndani ya taa ya mbele, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Kuna joto na nyaya, na kipande cha chuma kikilegea hapo kitaunganisha visivyotakiwa kuunganishwa.

Mwenye betri ana fyuzi pia, na hapa sina upole. Fyuzi ikiungua, wapo wanaozungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Waya hupata moto, ngozi yake huyeyuka, na tangi la petroli liko chini ya kiti unachokalia wewe na mtoto wako. Fyuzi tatu katika sufi hazijazi hata nusu ya kichupa.

Kila mwanzo wa mwezi ninavifungua vichupa hivyo sebuleni na kutazama kila balbu mbele ya dirisha kama uzi wake umeshika. Vifuniko vyote viwili mwenzangu ameviandika kwa wino mwekundu, kwa ajili ya watoto: SI DAWA.