Tatizo ni mkazo wa msuko, si uhaba wa mafuta

Makala yenu kuhusu kutunza nywele imesifu mafuta na kufunga kitambaa usiku, nami sipingi, ila imepita mbio kwenye jambo zito zaidi: mkazo wa msuko. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town waliwachunguza wanawake wa Afrika Kusini wakakuta karibu theluthi moja wana dalili za nywele kunyonyoka kwa kuvutwa, na hatari ilizidi pale rasta ziliposukwa kwenye nywele zenye dawa. Hakuna mafuta yanayotibu shina linalovutwa mchana na usiku.

Wanaosema msuko wa kubana hudumu wana hoja, maana rasta ni gharama. Lakini kichwa kuuma na vipele kwenye paji si alama ya kazi safi. Ni shina linaloumia, na likiumia miaka mingi huacha kovu pasipoota nywele tena. Wengine watasingizia urithi. Upara wa kurithi kwa wanawake kwa kawaida huonekana utosini. Huu wa kuvutwa huanzia pembeni mwa paji na juu ya masikio, palepale msusi anapokaza. Mwambieni alegeze mistari ya mbele, hasa kwa watoto, ambao wakilia huambiwa wavumilie.