Foto irudi kwa mwenye uso

Siku ya posho asubuhi, mwenye kamera ya zamani mjini Lubumbashi hakosi pa kwenda. Kuna ule mlima mweusi wa masalio ya shaba na shimini ya Gécamines kando yake. Kuna soko la Kenya, kuna nyumba za matofali za Kamalondo, kuna njia za vumbi za Katuba na Ruashi. Ana filimu moja ya foto 36 na siku mbili za mapumziko. Wiki inayofuata, filimu ikisha kusafishwa, anawaonyesha wenzake wanaopenda kamera kama yeye. Wanasifu rangi, wanasifu kivuli, wanauliza alitumia lenzi gani. Mama muuza makala, ambaye uso wake umejaza nusu ya foto, hayumo kati ya walioonyeshwa.

Hapo ndipo kwenye kosa. Kamera haina kosa, na kupenda vitu vya zamani si dhambi. Kosa ni kuchukua uso wa mtu, kuutembeza kwa wageni, na kumwacha mwenyewe mikono mitupu. Katika mji uliojaa watu waliokimbia vita na kupoteza kila foto ya nyumbani kwao, kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Pendo hili la filimu limerudi duniani kote. Kodak ilipokwenda mahakamani Januari 2012 kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake, wengi walisema filimu imekufa. Haikufa. Mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filimu, Pentax 17, na wanunuzi wake wengi ni vijana waliokua na simu mkononi. Kwa nini wanaacha simu inayopiga foto elfu moja bure na kununua filimu moja kwa dola kumi au zaidi? Wanajibu kwamba filimu inamfundisha mtu kutulia. Ukiwa na foto 36 tu, unafikiri kabla ya kubonyeza. Halafu unangoja siku nyingi kabla ya kuona ulichopata, na kungoja huko kuna utamu wake.

Jibu hilo ni la kweli. Lakini wazee wa mji huu waliopiga foto kwa mkate wa watoto wanaijua nusu ya pili ya habari hiyo.

Mpiga foto wa mtaani alihesabu filimu yake kama mfanyabiashara anavyohesabu mifuko ya unga. Foto tano za ubatizo, kumi za ndoa, mbili za matanga, moja ya mtoto aliyepata cheti cha shule. Mteja alitoa falanga za kwanza, jina na avenyu vikaandikwa kwenye daftari, kisha wote wawili walingoja. Filimu ilisafishwa pale tu ilipojaa, na hata hapo foto zilichelewa. Mwisho wa kungoja ulijulikana: mpiga foto alibisha hodi mlangoni na bahasha mkononi. Familia ilikusanyika, foto ikapita mkono kwa mkono, mmoja akalalamika kwamba amefumba macho, deni lililobaki likalipwa. Foto moja ilibandikwa ukutani, nyingine ikapelekwa kijijini kwa treni ili bibi amwone mjukuu wake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya filimu. Asiyerudisha foto hakulipwa, na mtaa mzima ulimjua kwa jina baya. Wapenda kamera wa leo wamechukua nusu ya kwanza, ile ya kuhesabu na kungoja, wakaiita raha. Nusu ya pili, ile ya kubisha hodi, wameiacha njiani.

Wengine watasema foto moja ya mama sokoni haiwezi kuwa jambo la kupigia kelele. Wawaulize waliokimbia.

Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala kwa majuma kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa. Miaka ya 2012 na 2013, watu wa Mitwaba, Pweto na Manono, ile sehemu iliyopewa jina la pembetatu ya kifo, walikimbia vijiji vilivyochomwa. Mwanzoni mwa 2025 ikawa zamu ya familia za Goma na Bukavu. Anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, na pengine kadi ya uchaguzi. Foto ya ndoa iliyo ukutani inabaki hapo hapo ukutani. Nyumba ikiungua, inaungua nayo.

Kinachopotea si pambo la sebule. Mzazi anayemtafuta mtoto aliyepotea njiani huulizwa kwanza: una foto yake? Mjane anayetaka kuthibitisha kwamba aliolewa, wakati karatasi zote zimeungua, angekuwa na neno la kusema kama angeonyesha siku ile kanisani. Mtoto aliyezaliwa kambini anataka kujua sura ya babu yake, na mama hana la kumwonyesha isipokuwa maneno. Simu haisaidii sana, kwa sababu simu huibiwa, huvunjika, huuzwa siku ya njaa, na foto zote zinakwenda nayo.

Basi mtu kama huyo, aliyeanza maisha upya pembeni ya Lubumbashi, anapigwa foto nzuri na kijana mwenye kamera ya zamani. Pengine ndiyo foto pekee yake iliyopo duniani. Watu wa mbali ambao hawatamjua kamwe wanaitazama na kuisifu, na yeye anabaki bila foto kama alivyokuwa. Hilo linaitwaje?

Katanga ina historia ndefu ya foto zinazoondoka bila kurudi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipiga foto za migodi yake, mitambo yake na wafanyakazi wake. Mfanyakazi alisimama mbele ya kamera kwa amri, kama chombo kinachoandikwa kwenye orodha ya mali. Foto ilikuwa ya kampuni. Mjukuu wake leo hana nakala.

Mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, ndiye aliyezifungua tena foto za aina hiyo. Katika kazi yake ya mwaka 2006 inayoitwa Mémoire, alizitoa sura za wafanyakazi na wakubwa wa kikoloni kwenye foto za zamani, akaziweka juu ya foto alizopiga mwenyewe za majengo ya Gécamines yaliyochakaa. Wafanyakazi wale walirudi kusimama mahali walipotolea jasho. Yeye na wenzake walianzisha pia Picha, na mwaka 2008 mji huu ukapata maonyesho ambayo leo yanajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Mwenye kutafuta mfano wa kazi inayokumbuka wenye nyuso hana haja ya kwenda mbali.

Kuna mfano mwingine wa kufikiria. Kuanzia mwaka 2010, Richard Mosse wa Ireland alipiga foto Kivu kwa filimu ya zamani ya Kodak iitwayo Aerochrome. Filimu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, kumtambua adui aliyejificha kwenye majani, na Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009. Majani mabichi yanatokea kwa rangi ya waridi. Vilima, askari na kambi za wakimbizi, vyote vikaonekana katika bahari ya waridi. Mwaka 2013 kazi hiyo ilionyeshwa Venice, na mwaka 2014 ikampa tuzo kubwa ya upigaji foto. Wanaoitetea wanasema dunia iliyochoka kutazama vita vya Kongo ililazimika kutazama tena. Sawa. Lakini swali linalofaa kuulizwa Kivu ni dogo kuliko tuzo: ni nyumba ngapi za waliopigwa zina foto hizo ukutani?

Haki lazima isemwe: foto inayosafiri inaweza kuokoa. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga foto Nsala wa Wala akiwa ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake uliokatwa. Foto hiyo na nyingine alizopiga zilionyeshwa Ulaya na Marekani, na zilisaidia kuvunja uongo wa Leopold wa Pili. Hakuna anayesema foto zifungiwe sandukuni. Zisafiri, lakini aliyepigwa awe wa kwanza kuipata, na ajue inakwenda wapi.

Wapenda filimu wana majibu yao, na yanastahili kusikilizwa.

La kwanza, filimu ni ghali. Ni kweli, na kuisafisha ni ghali pia. Lakini foto inapoonyeshwa kwa wenzao kwenye skrini, tayari imekwisha ingizwa kwenye kompyuta. Kutoka hapo hadi foto ndogo ya karatasi kwenye duka la fotokopi ni gharama ya mikate michache. Aliyeweza kununua filimu hashindwi na hiyo.

La pili, watu wa sokoni hawapatikani tena. Mzee wa zamani, asiye na simu, aliwapata. Alikuwa na daftari. Jina, avenyu, namba, na kama namba ya nyumba haipo, jina la jirani anayejulikana. Anayesema hawezi kumpata mtu aliyesimama naye mita mbili siku ya posho iliyopita, hakumuuliza jina.

La tatu, ni sanaa na raha, si biashara, basi hakuna deni. Hili ndilo jibu baya kuliko yote. Mwenye biashara alikuwa na deni kwa sababu alipokea falanga. Mwenye raha amepokea zaidi: uso wa mtu, dakika zake, na sifa za wenzake. Wahenga walikwisha sema, dawa ya deni ni kulipa.

Iko hatari nyingine ambayo mpenda kamera asiyeuliza haioni. Familia iliyokimbia watu wenye silaha inaweza kuwa bado inatafutwa. Foto yake ikitolewa hadharani pamoja na jina la mtaa, inaonyesha mlango. Kuuliza ruhusa kabla ya kuonyesha ni ulinzi wa maisha. Na akikataa, amekataa, hata kama mwanga ulikuwa mzuri namna gani.

Bado kuna kazi moja ambayo wapenda filimu wangeweza kuifanya kuliko mtu yeyote mjini. Wapiga foto wa zamani wanazeeka na kufa. Wanaacha masanduku ya negativu chini ya kitanda, kwenye joto, unyevu na panya. Watoto wao wanaona plastiki zenye nyuso nyeusi zisizoeleweka na kuzitupa. Lakini negativu ndiyo mama wa foto: ikiwa nzima, ndoa ya miaka arobaini iliyopita inaweza kutoka tena kwenye karatasi, hata kama nyumba ya maarusi ilichomwa.

Kwingine wamefanya. Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilitunzwa na mwanawe Rohit, na kwa picha zake watu wanauona mji wao wa zamani. Kamerun, mjini Mbouda, maelfu ya negativu za studio ya Jacques Touselle zilinakiliwa kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Lubumbashi ina Makumbusho ya Taifa, ina chuo kikuu, ina Picha, ina parokia zenye kumbi kubwa na redio zinazosikika hadi vijijini. Hakuna kinachokosekana isipokuwa nia.

Wikendi moja kwa mwezi ingetosha kuanza. Wenye kamera na skana waende kwa mzee mmoja, kwa ruhusa yake na kwa malipo ya heshima kwake au kwa watoto wake, wanakili sanduku moja. Nakala zitundikwe kwenye ukumbi baada ya misa, redio itangaze, watu waje kutafuta nyuso zao. Familia iliyokimbia ikimkuta hata shangazi mmoja nyuma ya foto ya arusi ya mtu mwingine, siku hiyo haitakuwa ya bure.

Kwa foto mpya, sheria ni fupi. Mwenye kamera aulize kabla ya kupiga. Aandike jina na avenyu. Arudishe foto ya karatasi kwanza, ndipo awaonyeshe wenzake. Akishindwa kurudisha, asionyeshe.

Na wakaaji nao wana neno lao. Mama wa soko la Kenya, baba wa Ruashi, familia iliyotoka Mitwaba: kamera ikielekezwa kwenu, ulizeni bila haya, foto yangu italetwa lini? Swali hilo halikumkasirisha mpiga foto wa zamani. Alifungua daftari na kutaja siku.