Matawi Mkononi, Madai Mezani

Ndugu wafanyakazi,

Desemba 2025 binti mmoja, Truphena Muthoni, alikumbatia mti mjini Nyeri kwa saa 72, usiku na mchana, ili watu waamke kulinda misitu. Hapa Kakamega wako wenzetu waliocheka: "Huyo ana nafasi, sisi twatafuta unga." Sisi hatukucheka.

Tazameni kazi zetu. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, na mkata miwa kwa uzito alioukata. Jua likizidi, majani hayachipui. Mvua ikipita kiasi, trekta hukwama na miwa hulala shambani. Siku hiyo kibarua hurudi nyumbani mikono mitupu. Mito ya Isiukhu na Yala yapita katika msitu wetu, nao msitu ndio unaotuhifadhia maji. Basi anayeulinda msitu alinda mfuko wetu.

Wala njia yake si ngeni. Tukigoma, twasimama langoni na matawi mikononi. Twataka kuonekana, maana barua zetu zimelala mezani. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mche Karura, wakapigwa. Mama yule aliandikisha mashtaka polisi akatia sahihi kwa damu yake. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Lakini Karura haikuokolewa na mche peke yake. Nyuma ya mche lilikuwapo dai moja, wazi kwa kila mtu: msitu usigawiwe. Truphena alipewa nishani na Rais. Hatumwonei wivu, alistahili. Lakini Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyotangaza Julai 2023 kuondoa marufuku ya kukata miti, iliyokuwapo tangu 2018. Nishani ni rahisi kuliko jibu. Wana chama twaijua hila hiyo: wadai nyongeza, wapewa cheti na makofi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu.

Ya kwanza, vijana wakitoka na mabango kudai Serikali ishughulikie mabadiliko ya tabianchi, tusimame nao, tusiwatazame kama sinema.

Ya pili, pamoja na mabango iwepo karatasi ya madai. Msitu wa Kakamega usikatwe wala kugawiwa. Na mzigo wa kuulinda usitupwe juu ya mama mwenye kuni kichwani, huku lori la magogo likipita.

Ya tatu, malipo ya siku ambazo jua au mafuriko yamezuia kazi yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri. Hali ya hewa si kosa la kibarua.

Ndugu, msitu ukiisha, siku ya mgomo tutashika matawi ya mti gani? Pelekeni maoni yenu kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.