Tuzibe Ufa wa Programu Yetu

Nasema na wenzangu wa chama cha kompyuta.

Likizo iliyopita niliichukua programu yetu ya kupiga wastani wa alama, iliyoandikwa zamani kwa lugha ya C, nikaijaribu kwa kaka yangu Makambako. Hapa Njombe hufanya kazi bila neno. Kompyuta yake mpya iliikataa, kwa kuwa baadhi ya vifungu vyaitwa kabla ya kutangazwa.

Wengine wasema tuiamuru kompyuta ifuate kanuni za kale, yaishe. Sikubali. Kanuni hii ni ya mwaka 1999. Kompaila ya GCC iliendelea kuonya tu, hata toleo la 14, mwaka 2024, likakataa kabisa. Nayo ina sababu: kifungu kisipotangazwa, kompyuta hukisia kwamba jibu lake ni namba nzima. Vingi huponea hapo. Lakini kimoja kikitoa desimali, wastani huharibika, na mwanafunzi aweza kupewa daraja lisilo lake.

Basi tuwashe maonyo yote, tutangaze kila kifungu, tulinganishe majibu na daftari la alama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu