Miaka 18 Haimalizi Uzazi
Mwandishi mmoja anadai kuwa mzazi anayemwazia mwana aliyetimiza miaka 18 anasukumwa na tamaa ya kutawala: sheria imeshamwita mtu mzima, basi mama alale. Hoja nyepesi mno! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Tanzania Bara, inaweka mpaka wa utoto. Haimwamuru mzazi aache kupenda, wala risasi haiulizi umri. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokwisha kuvuka umri huo waliuawa kwa risasi katika maandamano karibu na Bunge la Kenya, Nairobi. Mama aliyekesha akipiga simu isiyopokelewa alitaka kumtawala nani? Wapo, kweli, wanaowachagulia wanao wachumba. Huo ni udhibiti na tuupinge. Lakini anayeuliza "umefika salama?" anataka jibu tu. Mjibu.