Daftari la Wiki: Diski Zinapopanuliwa

Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakaipita kidogo rekodi ya 1964. Huku kwetu Kenya, watu wa Dunga na Nyando walihama. Kipimo cha siku ile hakuna anayeweza kurudi kukichukua. Ndivyo zilivyo pia kumbukumbu za kaya za Asembo na Gem, ambazo watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kisian walianza kuzifuatilia mwanzoni mwa miaka ya 2000: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Data ya aina hii huongezeka kila mwaka, na ipo siku diski zitajaa. Mwenye seva ndogo ya Linux hapo hana budi kuzipanua huku data ikiwa ndani, na hiyo ndiyo kazi niliyoitazama wiki hii.

*

Ofisi niliyoitembelea ni ya ghorofani, si mbali na soko la Kibuye. Diski tatu za terabaiti 4 katika safu ya RAID 5, nafasi ya kutumia terabaiti 8, kwa sababu ukubwa wa diski moja huliwa na taarifa za kuokolea nyingine ikifa. Kabla ya kuongeza ya nne, fundi alizipima zote afya kwa smartctl, akanakili namba ya kila diski kwenye karatasi na kuibandika kwenye kasha. Nilipenda sana hilo. Diski ikifa usiku, wengi huchomoa iliyo nzima.

Kisha akatumia mdadm, programu aliyoianzisha Neil Brown wa Australia mwaka 2001: diski ikaingizwa, safu ikaambiwa sasa ni ya diski nne. Amri ikarudi papo hapo.

“Omera, si imeshakubali?” mwenye ofisi akauliza.

“Ngoja, omera. Imekubali kuanza tu.”

Kwenye faili ya /proc/mdstat asilimia zilipanda kwa pointi ndogo ndogo. Kupanga upya terabaiti hizo kunaweza kumaliza siku nzima na zaidi. Ilipokamilika, amri ya df bado ilionyesha nafasi ileile ya zamani, mwenye ofisi akashtuka. Lakini safu ni kiwanja, na mfumo wa faili ni nyumba iliyo juu yake: kiwanja kimepanuka, nyumba haijaguswa. Resize2fs ndiyo iliyoukuza mfumo huo wa faili, ext4, faili zikiendelea kutumika.

*

Kupunguza ndiko kunakoua data, maana mfuatano wa hatua hugeuka. Kwanza unaufungua mfumo wa faili kutoka mahali ulipopachikwa, unaukagua kwa e2fsck, unaupunguza hadi chini kidogo ya ukubwa unaoutaka. Safu hufuata baadaye. Ukianza na safu, unaukata mkia wa mfumo wa faili ungali na vitu ndani.

Mdadm ina huruma moja ambayo wengi hawaijui: --array-size. Huificha sehemu ya mwisho ya safu bila kuifuta. Kagua tena mfumo wa faili hapo. Mfumo ukilalamika, rudisha ukubwa wa mwanzo na hakuna kilichopotea. Ukinyamaza, endelea. Wenye mfumo wa faili wa XFS wasijaribu njia hii kabisa: mfumo huo umejengwa kukua. Anayetaka kuupunguza ahamishe data, auunde upya.

*

Stima nayo inaweza kukatika kazi ikiendelea. Usiku wa 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, na ngurumo za ziwani huikata hata bila tukio kubwa kama hilo. Safu huandika kwenye diski zenyewe ilipofikia, hivyo kwa kawaida kazi huendelea umeme ukirudi. Mdadm ikidai faili ya akiba, iwekwe kwenye diski iliyo nje ya safu. Ikiwa ndani ya safu inayopangwa upya haitakuokoa. Fundi wangu alianza asubuhi, betri ya seva ikiwa imejaa na jenereta imejaribiwa.

*

Bekapu aliifanya siku iliyotangulia, kisha akafungua faili chache kutoka humo kuhakikisha zinasomeka. RAID haishiki nafasi ya bekapu: faili ukiifuta, inatoweka kwenye diski zote nne kwa mkupuo, na mwizi au mafuriko huchukua kasha zima. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Ofisi zinazoandika mahitaji yake ziongeze diski moja ya nje, ikae jengo jingine.