Soko la Serikali na Mizani Yake

Mjini Kigali zabuni ya serikali huitwa isoko, neno lile lile litumikalo kwa soko la Kimironko ambako akina mama hununua viazi na maharage. Asili yake ni Kifaransa cha maofisini, lakini jina limekaa mahali pake. Tofauti ni moja tu. Anayenunua Kimironko hulipa fedha yake, na akipunjwa huumia yeye. Katika soko la serikali mnunuzi ni ofisa, fedha ni ya wananchi, na bidhaa ikiwa mbovu huumia watu ambao hawakuwapo siku ya kununua.

Wapo wanaodhani kwamba magomvi ya zabuni ni magomvi ya matajiri, yasiyomhusu askari arudipo nyumbani kutoka lindoni. Dhana hiyo si sahihi. Darasa analosomea mtoto wake, zahanati anayojifungulia mkewe, na hata ukuta wa kituo chake cha kazi, vyote vilipitia katika mizani hiyo. Wapo pia vibarua. Nchini Rwanda yamekuwa malalamiko ya miaka mingi kwamba makandarasi wengine huacha kazi katikati na kutoweka, nao waliobeba mawe na kuchanganya saruji hawajalipwa. Wenyeji husema mtu wa namna hiyo «yambuye abaturage», tamko ambalo kwa asili ni la kumvua mtu nguo. Mama aliyengoja ujira wa majuma sita ili anunue sare za shule analielewa tamko hilo bila kufafanuliwa.

Mkandarasi huchaguliwaje? Kwanza hutazamwa karatasi zake: usajili wa kampuni, cheti cha kutodaiwa kodi, cheti cha michango ya hifadhi ya jamii, na dhamana ya zabuni pale inapotakiwa. Asiyekuwa nazo hutolewa. Kisha hupimwa uwezo: wahandisi alio nao, mitambo, fedha, na kazi za aina hiyo alizokwisha kuzimaliza. Bei huja mwisho. Makosa ya hesabu husahihishwa, na miongoni mwa waliovuka hatua zote hutafutwa mwenye bei ya chini.

Jambo hili halina tofauti kubwa na la mama wa Nyamirambo anayetaka kujenga jiko la uani. Mafundi watatu wamemjia. Mmoja ametaja bei ndogo mno. Mwingine ameonyesha kuta alizozijenga mtaa wa pili, ambazo bado zimesimama wima. Mama huyo ana hiari ya kumchukua amtakaye, hata mpwa wake, na hakuna wa kumwuliza. Ofisa wa serikali hana hiari hiyo. Vigezo vyake hana budi kuviandika katika hati ya zabuni kabla bei hazijafunguliwa, na baada ya hapo haruhusiwi kuongeza hata kimoja.

Hapo ndipo kesi nyingi zinapozaliwa, yaani katika uwezo kuliko katika bei. Hati inasema mkandarasi awe amejenga majengo mawili «yanayofanana» na hili. Je, jengo la ofisi la ghorofa nne linafanana na hospitali? Mhandisi ameleta wasifu wake bila kutia sahihi: hiyo ni dosari ndogo ya kusahihishwa, au ni sababu ya kumtoa mtu mwenye bei nzuri kuliko wote? Kamati ikiwa kali, yaweza kumpoteza fundi hodari kwa ajili ya sahihi. Ikiwa laini kwa mmoja, wa pili atauliza kwa nini yeye hakulainishiwa, na swali lake litakuwa la haki. Ukali unaompata kila mtu ni afadhali kuliko huruma yenye kuchagua. Ubaya mwingine hufanyika mapema zaidi, pale hati inapodai mtambo ambao mjini kote anao mtu mmoja. Hati ya namna hiyo imekwisha kumchagua mshindi, na tathmini inayofuata ni mchezo tu.

Rwanda imehangaika na mambo haya kwa muda mrefu. Mwaka 1997 iliundwa Bodi ya Taifa ya Zabuni, na maamuzi mengi yakawa mahali pamoja. Sheria za mwaka 2007 zilirudisha kazi hiyo kwa kila wizara, wilaya na shirika, na kuanzisha Mamlaka ya Ununuzi wa Umma iwe msimamizi. Mwaka 2016 ulianza kwa majaribio mtambo wa kompyuta uitwao Umucyo, yaani nuru, na mwaka uliofuata ukaenea katika taasisi za serikali. Sasa bahasha haipotei tena njiani. Hata hivyo, kompyuta haijui jengo gani linafanana na lipi. Hilo bado ni la binadamu.

Kwa anayeshindwa, mlango wa rufaa upo. Hupewa taarifa ya matokeo ya awali kabla mkataba haujatiwa sahihi, na sheria ya mwaka 2018 iliweka siku 7 za kulalamika. Aanze kwa ofisi ile ile iliyompima. Asiporidhika, aende kwa Jopo Huru la Taifa la Mapitio, ambalo laweza kuamuru kazi ya kupima irudiwe. Sheria nyingine ilitungwa mwaka 2022, na mlango haukufungwa. Kinachowazuia wengi ni hofu. Mkandarasi mdogo anajua kwamba kesho ataomba kazi kwenye meza ile ile anayoilalamikia leo, basi hunyamaza, naye aliyeshinda kwa hila hupata moyo.

Husemwa kwamba malalamiko huchelewesha maendeleo. Hilo lina ukweli wake, kwani wapo wanaolalamika kwa husuda tu. Lakini na tutazame kwa jirani. Nchini Uganda, zabuni ya bwawa la umeme la Karuma la megawati 600 iligombaniwa kwa sababu ya jinsi kampuni zilivyopimwa, na mwaka 2013 Inspekta Mkuu wa Serikali alipendekeza ifutwe. Mwishowe kazi ilipewa Sinohydro ya China kwa mapatano baina ya serikali mbili, pamoja na mkopo wa benki ya Exim ya huko. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2013. Bwawa lililotazamiwa kumalizika mwaka 2018 lilizinduliwa Septemba 2024, baada ya nyufa na kasoro nyingi kutajwa. Wiki chache za kusikiliza rufaa ni muda mfupi mbele ya miaka sita. Mjini Kigali kwenyewe, taarifa za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali zimerudia mara kwa mara kutaja mikataba iliyochelewa na majengo yaliyotelekezwa.

Kwa askari mstaafu aliyefungua kampuni ndogo ya ujenzi, au mke anayemtunzia mumewe majalada, yafaa hati za kumaliza kazi zidaiwe siku ile ile kazi inapokabidhiwa, maana ofisa aliyeijua kazi huhamishwa na mrithi wake hataki kutia sahihi. Vyeti vya kodi vitazamwe tarehe zake kabla ya kuvipeleka. Barua ya kushindwa ikifika, isiachwe mezani hadi Jumapili ipite: ihesabiwe siku zilizotajwa ndani yake, na iulizwe kwa maandishi ni kigezo gani hasa kilichokosekana, na kimeandikwa ukurasa wa ngapi wa hati ya zabuni.